Punje, Kete na Kibao cha Kioo

Chombo cha kwanza cha hesabu ambacho mtoto wa Kitale au wa Bungoma hukishika mkononi mwake si kitabu wala kalamu, bali ni punje ya mahindi. Kabla hajaingia darasani amekwisha kuzihesabu punje akimsaidia mama yake kupukuchua mahindi. Na sokoni amekwisha kuona mahindi yakipimwa kwa gorogoro, akajua kwamba gorogoro mbili si sawa na moja, hata kama hajui bado jinsi namba mbili inavyoandikwa.

Yafaa ujue, msomaji, kwamba punje hiyo yenyewe ni zao la hesabu. Mwaka 1955 ilianzishwa huko Kitale kazi ya kutafuta mbegu bora ya mahindi, chini ya uongozi wa mtaalamu aitwaye Michael Harrison. Mwaka baada ya mwaka watu walipanda, wakapima mavuno ya kila mstari, wakaandika, wakalinganisha, wakachagua. Hata mwaka 1964 ikatolewa mbegu iliyopewa jina la H611, ambayo ilipatikana kwa kuchanganya mahindi ya Kitale na mahindi yaliyotoka Ecuador, nchi ya Amerika ya Kusini. Watu waliokula ugali wa mahindi hayo hawakuona namba yoyote ndani yake. Namba zilikuwamo.

Nimeanza na punje kwa sababu nataka kukueleza habari za michezo na mashine zilizobuniwa ili kumsaidia mtoto kujifunza hesabu, na sipendi udhani kwamba habari hizo zilianza siku kompyuta ilipoletwa Afrika Mashariki. Zilianza zamani sana, nazo zilianza kwa mchezo.

Bao ni mchezo mkongwe kuliko shule zetu zote. Bao la Kiswahili, lichezwalo Lamu, Mombasa na Unguja, lina mashimo 32 yaliyopangwa katika safu nne, na kete 64. Kila mchezaji ana safu mbili zake, yaani mashimo 16, na kete 32. Mchezo uanzapo, ni kete 10 tu za kila mmoja zilizomo ndani ya bao: sita katika shimo liitwalo nyumba, na mbili mbili katika mashimo mawili yaliyo kando yake. Kete 22 zilizosalia hukaa nje, zikaingizwa moja moja kila zamu. Huku kwetu magharibi uko mchezo wa ukoo huohuo, wenye safu mbili za mashimo manane, ambao Waluo huuita ajua. Na hauhitaji seremala, kwa maana mashimo yake yaweza kuchimbwa ardhini penye kivuli, na kokoto zikawa kete.

Sasa hebu fikiri kama mchezaji. Safu zako mbili zafanya duara la mashimo 16. Ukichukua kete tano kutoka shimo la tatu na kuzipanda moja moja mbele, kete ya mwisho itaanguka katika shimo la nane; hilo ni jepesi. Lakini ukiwa na kete 20 je? Mchezaji stadi hahesabu shimo kwa shimo. Ajua kwamba kete 16 zitamrudisha pale alipoanzia, kwa hiyo hutupa 16 akilini, akabaki na nne, na nne kutoka shimo la tatu ni shimo la saba. Hiyo ndiyo hesabu ya mabaki, ileile ambayo hukuwezesha kusema kwamba saa tano baada ya saa kumi ni saa tatu. Watu wa chuo kikuu wana jina refu la hesabu hiyo. Wazee wa barazani hawakuwa na haja ya jina hilo.

Lakini liko jambo jingine ndani ya bao ambalo mimi, kwa kuwa ni mwalimu, naliona kubwa kuliko hilo la mabaki. Mchezaji akikosea hesabu, bao lenyewe humwambia: kete yake huangukia pasipofaa, na kete zake huliwa. Hapigwi wala hatukanwi. Watazamaji watamcheka, ni kweli, lakini hupanga kete zake upya na kuanza tena, na aliyemshinda mara nyingi humwonyesha mahali alipopotea. Kosa katika mchezo ni habari tu, si aibu. Tafadhali likumbuke neno hilo tunapoendelea, kwa kuwa habari yote iliyobaki yazunguka hapo.

Shule zilipokuja zilileta hesabu ya namna nyingine. Wamisionari wa dhehebu la Marafiki walifungua kituo chao Kaimosi mwaka 1902, na kutoka huko na kwingineko shule zikaenea katika nchi ya magharibi. Mtoto wa zama hizo alipewa kibao cha jiwe na kijiti cha kuandikia. Hesabu zilikaririwa kwa sauti, darasa zima kwa pamoja, na asiyeweza kukariri alijua linalomngoja. Hata hivyo kibao kile kilikuwa na wema mmoja ambao watu wameusahau: kosa lilifutwa kwa kiganja cha mkono, na hakuna aliyejua kwamba lilikuwako. Daftari la karatasi halikuwa na huruma hiyo. Kosa lililoandikwa katika daftari lilikaa humo pamoja na alama nyekundu ya mwalimu, mzazi akaliona, na mtoto mwenyewe akaliona kila alipofungua ukurasa. Katika miaka ya 1970 karatasi ilianza kutengenezwa hapa hapa kwetu, katika kiwanda kikubwa cha Webuye, mji ambao msafiri wa kutoka Bungoma huacha barabara kuu na kushika njia ya Kitale. Kiwanda kile kilisimama mwaka 2009, na baadaye kikauzwa. Lakini daftari, na alama yake nyekundu, lingali nasi.

Fimbo ilikatazwa katika shule za Kenya mwaka 2001. Hofu haikukatazika. Mwulize mwanafunzi yeyote wa sekondari ni somo gani linalomtoa jasho, na mara nyingi atakutajia hesabu kabla hujamaliza swali. Mtoto aliyeogopa kusema jibu akiwa darasa la pili huja kwetu kidato cha kwanza akiwa bado anaogopa, na mwalimu wa sekondari hana wakati wa kurudi naye kwenye kujumlisha na kutoa. Ndipo husema: mimi si mtu wa hesabu. Maneno hayo humfungia milango ya uhandisi, utabibu, uhasibu, na hata duka lake mwenyewe. Na mimi siamini kwamba kuna mtoto aliyezaliwa nayo.

Sasa tuvuke bahari kidogo, kwa maana mashine zilizokuja kwetu baadaye zilizaliwa huko.

Mwaka 1960 Chuo Kikuu cha Illinois, nchini Marekani, kilianza kutengeneza mashine ya kufundishia iliyoitwa PLATO. Katika michezo iliyotungwa kwa ajili ya mashine hiyo, mmoja nauona mzuri kuliko mingi iliyokuja baadaye, ingawa picha zake zilikuwa duni. Uliitwa Darts, na mtungaji wake alikuwa Sharon Dugdale. Mtoto aliona mstari wa namba wenye namba chache tu zilizoandikwa, na kando ya mstari yalikuwako maputo. Kazi yake ilikuwa kukisia namba ya mahali palipo puto na kuiandika. Mshale uliruka mpaka kwenye namba aliyoiandika. Akilenga sawasawa, puto lilipasuka. Akikosa, mshale ulichoma penginepo, naye akaona kwa macho yake jinsi alivyokosa.

Fikiri kazi iliyofanywa na mchezo huo mdogo. Watoto wengi huamini kwamba thumuni ni kubwa kuliko robo, kwa kuwa nane ni kubwa kuliko nne. Mwalimu aweza kulikanusha jambo hilo mara kumi, na mtoto akaitikia mara kumi bila kuamini. Lakini mtoto huyo akitaka kupasua puto lililo juu ya robo, akaandika thumuni, mshale utachoma chini. Hapo hakuna wa kubishana naye. Ataandika theluthi, na mshale utapanda. Baada ya mishale mitano hivi amekwisha kuielewa sehemu kwa namna ambayo sijaona ikipatikana kwa kukariri, na katika mishale hiyo mitano hakuna aliyemcheka.

Wenye elimu hawakukubaliana juu ya matumizi ya mashine hizo. Patrick Suppes wa Chuo Kikuu cha Stanford aliitumia kompyuta, katika miaka hiyohiyo ya 1960, kuwazoeza watoto mazoezi: mashine iliuliza, mtoto akajibu, mashine ikasema ndivyo au sivyo. Kinyume chake alisimama Seymour Papert, mwana wa Afrika aliyezaliwa Pretoria mwaka 1928. Huyu alisema kwamba haifai mashine imwamuru mtoto. Mtoto ndiye aiamuru mashine. Mwaka 1967 yeye na wenzake, Wally Feurzeig na Cynthia Solomon, walitunga lugha ya kompyuta kwa ajili ya watoto, iitwayo Logo. Mtoto aliamuru kobe atembee na kuacha alama nyuma yake: mbele hatua 50, kulia nyuzi 90, na amri hizo zikirudiwa mara nne, mraba umekamilika.

Hebu wewe, msomaji, mchoreshe kobe huyo pembetatu yenye pande sawa. Najua utakalosema: kila pembe ya pembetatu hiyo ni nyuzi 60, basi kobe na ageuke nyuzi 60. Chukua karatasi ujaribu. Ukirudia amri hiyo utaona kwamba kobe anachora umbo la pande sita. Pembe anayogeuka kobe ni ile ya nje, nayo ni nyuzi 120. Papert alipenda makosa ya namna hiyo kuliko majibu sahihi, kwa sababu umbo la pande sita si upuuzi. Ni jibu zuri la swali jingine.

Wakati hayo yakitendeka ng'ambo, Afrika Mashariki ilikuwa na shughuli yake yenyewe. Mwaka 1962 walimu na wanahisabati kutoka nchi kadhaa za Afrika, pamoja na wenzao wa Uingereza na Marekani, walikutana Entebbe, nchini Uganda, wakaanza kuandika vitabu vya hesabu mpya. Vitabu hivyo vilijulikana kwa jina la mji huo, na vikaingia katika shule za Kenya. Badala ya kuanza na bei ya mbuzi, mwanafunzi alifundishwa habari za seti. Nia ilikuwa njema, kwani watungaji walitaka mtoto afahamu sababu, siyo kukariri tu. Lakini walimu wengi walikabidhiwa vitabu ambavyo wao wenyewe hawakuwa wamefundishwa, na wazazi hawakuelewa kazi waliyoletewa nyumbani. Mwaka 1981 serikali ya Kenya iliamuru hesabu hiyo iachwe.

Tena ilikuja redio. Mwaka 1974 watu wa Stanford walianza kufundisha hesabu kwa redio katika nchi ya Nicaragua. Redio yao haikuhutubia. Iliuliza swali, ikanyamaza kidogo, watoto wa darasa zima wakajibu kwa sauti, kisha ikataja jibu na kuendelea. Watoto waliofundishwa hivyo waliwapita wenzao waliofundishwa kwa njia ya kawaida. Njia hiyo ilifika Kenya kati ya 1980 na 1985, lakini huku ilitumiwa kufundishia Kiingereza, siyo hesabu. Mimi naona tulichukua ala nzuri tukaacha wimbo wake wa kwanza.

Mwaka 2003 ada ya shule za msingi za serikali iliondolewa nchini Kenya, na idadi ya watoto shuleni ikapanda kutoka karibu milioni 6 hadi zaidi ya milioni 7 kwa mara moja. Lilikuwa jambo la haki na la furaha. Lakini walimu hawakuongezeka kwa kadiri hiyo, na darasa la watoto 70 au 80 halikuwa ajabu katika nchi yetu. Katika darasa kama hilo mwalimu hana dakika moja ya kuketi na mtoto mmoja aliyekosea. Ukilifahamu hilo utafahamu kwa nini ahadi ya mashine ilipokelewa kwa shangwe.

Ahadi hiyo ilitolewa katika uchaguzi wa mwaka 2013: kila mtoto aingiaye darasa la kwanza katika shule ya serikali atapewa kompyuta. Zabuni ya kwanza ilibatilishwa mwaka 2014. Mpango ukageuzwa, na badala ya kompyuta kubwa zikachaguliwa zile ndogo za kioo ambazo leo twaziita vishikwambi. Chuo Kikuu cha Moi, ambacho ni jirani yetu kwa upande wa Eldoret, na Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, kila kimoja pamoja na kampuni za kigeni, vilipewa kazi ya kuvileta. Mwaka 2016 vilijaribiwa katika shule 150, kisha vikatawanywa nchi nzima. Jumla yake ilipita vifaa milioni 1 na shule 20,000. Shule ilipata vishikwambi vya watoto, viwili vya walimu, chombo cha kuonyeshea picha ukutani, na chombo cha kuhifadhia masomo.

Vilifika Bungoma na Trans Nzoia kama vilivyofika kwingineko, na hapa sitaki kusema kwa ukali wala kwa kusifu mno. Watoto walivipenda tangu siku ya kwanza. Kibao cha jiwe kilikuwa kimerudi, safari hii cha kioo, na kosa likafutika tena kwa kidole. Shule zilizokuwa gizani zilipata umeme kwa ajili yake. Lakini kifaa cha thamani katika shule isiyo na mlango imara ni mzigo kwa mwalimu mkuu. Ilibidi kuweka vyuma madirishani na mlinzi wa usiku, na palipokosekana hivyo, vishikwambi vilifungiwa kabatini. Walimu wengi walipata mafunzo ya siku chache tu. Jambo lililonisumbua zaidi ni kwamba katika hotuba na magazeti tulisikia kila mara idadi ya vifaa vilivyogawanywa, na mara chache sana tukasikia idadi ya watoto waliojua kutoa 17 katika 42 baada ya kuvitumia. Msomaji utaona kwamba kosa la Entebbe lilikuwa limerudi katika nguo mpya: kitu kilitangulia, mwalimu akafuata.

Jambo hilo lilikuwa limekwisha kupimwa, tena karibu nasi, katika Kisumu. Watafiti walitaka kujua ni nani afaaye kupewa kifaa: mshauri anayewatembelea walimu, mwalimu mwenyewe, au mtoto. Walijaribu njia zote tatu katika shule mbalimbali, na somo lilikuwa kusoma, siyo hesabu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Watoto wa makundi yote matatu waliwapita wenzao wa shule zisizokuwamo katika mpango, lakini baina ya makundi hayo hapakuwa na tofauti kubwa. Na kumpa kila mtoto kifaa kulikuwa ghali kuliko kumpa mshauri mmoja. Mimi sisemi kwamba watoto wasipewe. Nasema swali lilikuwa limejibiwa, na ni wachache waliosoma jibu.

Huko Malawi watu walipima kwa uangalifu zaidi, na kwa hesabu hasa. Kampuni moja ya London, iitwayo onebillion, ilitunga michezo ya hesabu kwa lugha ya Kichewa, na Bibi Nicola Pitchford wa Chuo Kikuu cha Nottingham akaijaribu kwa majuma manane katika shule moja ya msingi ya Lilongwe. Tazama jinsi alivyowagawa watoto. Kundi la kwanza lilitumia vishikwambi vyenye michezo ya hesabu. Kundi la pili liliendelea kufundishwa na mwalimu kama kawaida. Kundi la tatu lilipewa vishikwambi pia, lakini michezo yake haikuwa na hesabu ndani yake. Kwa nini kundi hilo la tatu? Kwa sababu mtu angeweza kusema kwamba watoto walichangamka kwa kuona kitu kipya tu. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2015, yalionyesha kwamba waliopata michezo ya hesabu waliendelea zaidi. Kioo peke yake hakikufundisha hesabu. Mchezo uliokuwa ndani yake ndio uliofundisha. Ukipata siku moja nafasi ya kufanya utafiti, kumbuka kundi la tatu.

Jaribio kubwa kuliko yote, na lililo karibu na mioyo yetu sisi tusemao Kiswahili, lilifanyika Tanga, nchini Tanzania. Mwaka 2014 taasisi ya XPRIZE ya Marekani ilitangaza mashindano yenye zawadi ya dola milioni 15, fedha zilizotolewa na tajiri Elon Musk. Washindani walitakiwa kutunga programu itakayomwezesha mtoto kujifundisha mwenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu, bila mwalimu, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Makundi matano yalifika mwisho, na mwezi wa Desemba 2017 vishikwambi vikapelekwa katika vijiji vipatavyo 170 vya mkoa wa Tanga, kwa msaada wa serikali ya Tanzania, UNESCO na Shirika la Chakula Duniani. Umeme ulitokana na jua. Watoto walikuwa karibu 3,000, na robo tatu hivi kati yao hawakuwa wamewahi kukaa darasani hata siku moja.

Kabla ya jaribio, zaidi ya watoto 90 katika kila 100 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua ikawa nusu yake, na ujuzi wa hesabu uliongezeka kwa waliotumia programu zote tano. Mwezi wa Mei 2019 zawadi kubwa iligawiwa washindi wawili. Mmoja alikuwa onebillion, wale wa Malawi. Wa pili alikuwa Kitkit School, kazi iliyoanzishwa na Bibi Sooinn Lee, Mkorea mtunga michezo ya kompyuta, pamoja na mumewe. Hawa walianza kutunga michezo ya hesabu kwa sababu mtoto wao wenyewe alizaliwa na ulemavu uliomfanya ajifunze kwa shida.

Matokeo hayo yasomwe kwa macho mawili. Mtoto asiye na shule, aliyeachiwa kibao chini ya mwembe, alijifunza. Huo ni ushindi ambao hapana mtu wa kuukana. Lakini nusu ya wale wasiojua kusoma walibaki wasiojua hata neno moja baada ya miezi 15. Wako waliosema baada ya Tanga kwamba mwalimu hahitajiki tena. Mimi naliona jambo hilo kinyume kabisa: nusu ile iliyobaki ndiyo iliyomhitaji mtu wa kuketi nayo.

Na lugha je? Katika Tanga na Lilongwe mtoto alisemeshwa kwa lugha aliyoijua. Kwa hesabu jambo hilo si dogo. Mtoto asikiaye kumi na tatu husikia ndani ya jina kumi, na husikia tatu. Jina lamfundisha namna namba ilivyojengwa. Majina ya Kiingereza ya kumi na moja na kumi na mbili hayamwonyeshi mtoto kumi wala moja wala mbili; inambidi ayakariri kama majina ya wageni. Huku kwetu vitabu vya hesabu vya darasa la kwanza vimeandikwa kwa Kiingereza, na mtoto wa Chwele au wa Kiminini hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja, ya namba na ya lugha, kisha tukamhukumu kwa kazi moja.

Tarehe 15 Machi 2020 iliamriwa shule zote za Kenya zifungwe kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Wanafunzi wa madarasa matatu walirudi mwezi wa Oktoba, na wengine wote walingoja hata Januari 2021. Katika miezi hiyo redio ilirudi kuwa mwalimu, na simu ya mzazi ikawa darasa. Vishikwambi vya shule vilibaki shuleni. Wenye simu nzuri mjini Kitale waliendelea. Walio juu katika miteremko ya Mlima Elgon, ambako simu ni moja na huondoka na baba asubuhi, walingoja.

Kisha kuna habari ambayo wachache huku wameisikia. Kanuni za mashindano ya Tanga ziliwataka wale watano wa mwisho waziweke wazi programu zao, hata maandishi ya ndani ambayo kwa kawaida watunga programu huyaficha, ili mtu yeyote duniani aruhusiwe kuyachukua, kuyabadili na kuyatumia bila malipo. Yamewekwa kwa Kiswahili na Kiingereza, lugha mbili ambazo mashindano yalizidai. Sasa wako vijana wa umri wako wanaojifunza kuandika programu, kwa maana mtaala wa kazi hiyo uliidhinishwa nchini Kenya mwaka 2022. Kijana wa namna hiyo, akiwa Bungoma au Kitale, aweza kulifungua faili la namba, akaona mahali sauti inapomwambia mtoto kumi na tatu, akaitoa sauti ile, na kuweka mahali pake sauti ya nyanya yake akiitaja namba hiyo kwa Kibukusu.